Umma wa Mwituni na Tanzi la Waya

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa mwambao suala tuliloulizwa bara. Tulikwenda Theta, upande wa Thika na Ruiru, kuwazuru jamaa waliohamia huko kwa ajili ya kazi. Nchi ile ilijulikana kwa mashamba ya kahawa na mkonge, na leo mengi katika mashamba hayo yamekatwa viwanja vya nyumba. Baada ya sala ya alasiri kijana mmoja, asili yake Malindi, akasema: “Sheikh, kwetu mwitu wa Arabuko-Sokoke unalindwa kwa ajili ya wanyama ambao wengi wao hawaliwi wala hawabebi mzigo. Jambo hili latuhusu nini sisi Waislamu?”

Hatukumlaumu. Wengi wetu twaupita mwitu ule kwa gari baina ya Kilifi na Malindi, tusione ila miti. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 420, na uliandikwa kuwa mwitu wa serikali mwaka 1943. Ndani yake mna tembo, na nyani, na kima, na komba waliao usiku, na fungo, na kanu, na muhanga. Yumo paa nunga, ambaye hajulikani pengine duniani isipokuwa Zanzibar na mwambao wetu wa Kenya. Na yumo sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye hapatikani ila Kenya.

Huyu sengi, ambaye wengine humwita njule, ukimwona utasema ni panya aliyevutwa pua. Uzani wake ni kama nusu kilo. Lakini wataalamu waliochunguza nasaba za wanyama wamebainisha ya kuwa hana ujamaa na panya. Nasaba yake iko karibu na tembo, na muhanga, na nguva wa baharini! Mchana kutwa hupekua majani makavu akitafuta wadudu, na usiku hulala katika kitanda cha majani hayo hayo. Dume na jike wake hushikamana maisha yao, wakilinda mtaa wao mmoja. Hata katika magofu ya Gede yumo, akikimbia baina ya kuta za msikiti na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Wenye mji wameondoka, naye angalipo.

Basi tulimjibu kijana ya kuwa Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul An'am kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Hakushurutisha wawe wenye kuliwa au kupandwa. Na Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, aliuharimisha mji wa Madina, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasifukuzwe. Tena aliihami Naqii, na Sayyidna Umar baada yake akaihami Rabadha. Mwenye kudhani kuwa kuhifadhi ardhi ni jambo la kigeni hajasoma historia ya dini yake.

Lakini liko jambo lililo karibu zaidi nasi, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kuwinda kumekatazwa Kenya tangu mwaka 1977, na hata hivyo watu hutega matanzi ya waya mwituni. Tanzi halichagui. Limetegwa kwa paa, akanaswa sengi. Naye asiyetakiwa hufa vilevile. Nyama hiyo huletwa mjini kwa siri, ikauzwa kwa jina la mbuzi au kwa jina lake, na wako wanaoinunua, wakapika pilau wakasema Bismillahi. Na hali mnyama aliyekufa kwa kunyongwa na kamba au waya ametajwa kwa jina katika Suratul Maida miongoni mwa walioharimishwa! Akikutwa hai, uhai wake ungali imara, akachinjwa kwa sharia, hukumu ya nyama yake ni nyingine. Lakini ni nani aliyekuhakikishia? Mtegaji huenda kutazama tanzi lake pindi apatapo nafasi.

Husemwa kuwa watu wa kando ya mwitu ni maskini. Ni kweli, na njaa yao yatuhusu. Hapo Gede, tangu mwaka 1993, iko kazi iitwayo Kipepeo: wakulima hufuga viwavi wa vipepeo wa mwituni, na mabuu yao huuzwa ng'ambo kwa fedha. Mwitu ukikatika, kazi hiyo haipo. Ama sisi tulio mjini, wenye bucha kila mtaa, hatuna udhuru huo.

Kijana yule akatuuliza tena hukumu ya aliyekula nyama hiyo bila ya kujua. Tukamjibu ya kuwa asiyejua haandikiwi dhambi, na kwamba yeye amekwisha sikia. Akanyamaza kidogo, kisha akatutajia jina la mwenye kumletea nyama mamake kila mwezi wa Shaabani, nasi tukamwambia asitutajie sisi. Aende kwa mamake.