Watu wa Waso

Babu yangu alipofariki mwaka jana, shangazi alinipigia simu, na kabla hata sijapata nafasi ya kulia akanipa kazi: niandike wasifu wa kusomwa mazishini. "Si wewe ndiye huandika?" Kwa familia yetu, hii kazi yangu huwa kama homa ambayo wanangoja ipoe. Siku hiyo ikageuka kipaji.

Wasifu wa marehemu una njia yake, si unajua. Alizaliwa, akasoma hadi darasa fulani, akaoa, akaokoka, akajaliwa watoto saba. Alipenda watu wote. Wa Babu ulikuwa rahisi kwa sababu mengi yalikuwa kweli. Alikuwa mzee wa kanisa kwa zaidi ya miaka 30. Alikaa na mke mmoja mpaka nyanya akatangulia. Aliamka saa kumi alfajiri kuomba, kisha akaenda kutengeneza matuta ya shamba lake huko nje ya Mwingi, kwa nidhamu ya mtu ambaye bado anangoja kukaguliwa. Nilipoingia chuo aliuza fahali wawili. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, bila sababu ya maana ninayoweza kuiandika hapa, hakuwataja wale fahali hata mara moja.

Jeshi nililipa sentensi moja: "Alilitumikia taifa kwa uaminifu." Hapo nikakwama siku mbili.

Aliingia KAR mwaka 1962, lile jeshi ambalo wazee huliita Keya. Uhuru ulipokuja likawa Kenya Rifles, na kabla ya Desemba hiyo ya 1963 kuisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki. Wengi wa upande ule walitaka kuungana na Somalia. Serikali mpya ilikataa, wenye bunduki wakaitwa shifta, yaani majambazi, na vita vikaendelea mpaka makubaliano ya Arusha mwaka 1967. Shuleni mimi nilivipita kwa aya moja.

Ambacho hakikuwa katika aya ile ni vijiji. Kuanzia 1966 wafugaji walikusanywa kwenye makambi yaliyolindwa na askari, mahali kama Garba Tula na Merti, na mifugo iliyopatikana nje ikachukuliwa au kupigwa risasi. Iliyokuwa ndani ilikufa kwa kukosa malisho. Familia zilizoishi kwa ngamia zilitoka mle bila ngamia. Waborana wa Waso, wale wa upande wa mto Ewaso Ng'iro, wana jina la kipindi hicho: Gaf Daba, wakati uliposimama.

Nilianza kuyajua haya kwa rafiki yangu wa chuo, ambaye nyanya yake alikuwa Garba Tula. Halafu nikayasikia kwa Babu. Mwaka 2020, korona ilipofunga kila kitu, nilikaa naye miezi mitano. Jioni moja tukichambua ndengu alisema, bila kuulizwa: "Sisi tulipiga ngamia. Ngamia hupiga magoti kwanza." Nikamuuliza kama walipiga na watu. Akaniambia nirudishe viti ndani, giza linaingia.

Na kuna yale maombi. Nyumbani tulizungumza Kikamba, lakini maombi ya chakula aliyafanya kwa Kiswahili, lugha aliyorudi nayo kutoka jeshini. Kila siku, kabla ya amina: "Na uwakumbuke watu wa Waso." Sisi watoto tulisikia "watu wasio". Tulidhani ni sentensi ambayo mzee huchoka kuimalizia: wasio na chakula, wasio na nguo, wasio na baba. Binamu yangu aliimalizia kimoyomoyo kwa chochote alichotamani siku hiyo. Wasio na baiskeli. Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipong'amua kwamba Waso ni mahali.

Basi nikaandika hayo. Shangazi akapiga simu. "Hiyo futa." Alikuwa na hoja, na sizidharau. Babu alikuwa kijana wa miaka 22 aliyetii amri. Marehemu hawezi kujieleza. Tena, na hapa sauti yake ilibadilika, Mungu alishamsamehe, mimi ni nani nimfungulie kesi?

Kusema ukweli hata serikali ilishamsamehe. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa na askari wasishtakiwe kwa waliyoyafanya Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1967. Kwa hiyo Babu alisamehewa mara mbili, na mara zote mbili mwenye ngamia hakuulizwa.

Hili ndilo linalonisumbua. Ukinikopa elfu tano, halafu ukazigawia ombaomba wote wa barabara ya Tom Mboya, umefanya wema, lakini mimi bado nakudai. Babu alisomesha yatima, alitoa fungu la kumi hata mwaka wa ukame. Waso hakurudisha hata mbuzi. Zakayo, ambaye Babu alimhubiri mara nyingi, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Sasa mimi nifananishe: kuhusu fahali wake, Babu alikuwa na haki ya kunisamehe. Walikuwa wake. Aliponinyamazia, deni lilikufa, ingawa mimi bado naliota. Kuhusu ngamia wa watu, si mimi, si shangazi, wala si Bunge, aliye na haki hiyo.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemaliza kuandika kwa nusu saa. Na yale maombi siwezi kuyaita bure. Miaka zaidi ya 50, mara tatu kwa siku, aliwataja wanaomdai mbele ya watoto wake. Alijua ni kina nani. Alijua hata walipo: basi za kwenda Garissa zilipita karibu na kanisa lake, na sikumbuki apande hata moja.

Tulielewana na shangazi kwa sentensi mbili. "Kati ya 1964 na 1967 alikuwa mwanajeshi Isiolo na Garba Tula. Aliwaombea watu wa Waso mpaka mwisho wa maisha yake." Alizisoma haraka, akakimbilia wajukuu. Chini ya hema, wazee wawili waliokuwa naye jeshini waliinua vichwa, wakatazamana, wakainamia tena ratiba zao.

Usiku nilimtumia rafiki yangu picha ya ukurasa ule. Alikaa siku mbili, kisha akajibu: "Pole sana kwa msiba. Garba Tula alikuwa miezi gani?"

Sijui. Sikuwahi kumuuliza, na wale wazee wawili sina namba zao. Ujumbe wake bado uko pale, nimeusoma, na yeye anaona kwamba nimeusoma.