Nozeli na Haki ya Mpita Njia

Swali moja la kale katika elimu ya maadili ni hili: watu wawili wakipatana kwa hiari, kila mmoja akamwambia mwenziwe kweli, na kila mmoja akaondoka na radhi yake, je, mapatano yao yana haki? Wengi hujibu upesi kuwa yana haki, kwa kuwa hapakuwa na hila wala nguvu. Jibu hilo lina sura njema, lakini lasahau kwamba duniani hamna watu wawili peke yao. Mahali pa kulipima si lazima pawe darasani wala mahakamani. Banda la fundi wa pampu na nozeli katika viunga vya Temeke latosha.

Nozeli ni kitu kidogo kiwezacho kufichwa kiganjani. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka joto lake likapita nyuzi 500 za Selsiasi, na mafuta yakiingia humo huwaka yenyewe. Ila sharti yaingie kama ukungu. Tone likiwa kubwa huungua nje likabaki bichi ndani, mfano wa muhogo uliochomwa kwa haraka, na kisichoungua hutoka katika bomba la nyuma kikiwa masizi. Kuyavunja mafuta yawe ukungu ndiyo kazi ya nozeli. Ndani yake imo sindano ya chuma iliyokandamizwa na springi. Pampu husukuma mafuta. Presha ikifika kiasi chake, ambacho katika injini nyingi za zamani ni mara 100 mpaka 250 ya ile ya hewa ya kawaida, sindano huinuka kidogo, mafuta hupita katika tundu jembamba, kisha sindano hurudi kitini pake kwa ghafula na kufunga.

Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilitenda kazi sawasawa katika mji wa Augsburg mwaka 1897, alipuliza mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa, na mtambo wa kuishindilia ulikuwa mzito mno kwa gari. Kampuni ya Robert Bosch ilipoanza mwaka 1927 kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma mafuta, ndipo lori la dizeli lilipopata njia pana. Sindano na ala yake husagwa pamoja hata zikashikamana; nafasi iliyo baina yao ni sehemu 2 hadi 4 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, ilhali unywele wa mtu una unene wa sehemu 70 hivi. Kwa hiyo fundi mwangalifu haichukui sindano ya hii akaitia katika ala ya ile, hata zikiwa za aina moja. Ndoa yao haina mitala.

Na uchukuliwe mfano wa fundi ajuaye kazi yake. Aletewa nozeli 4 za gari la abiria liendalo Mbagala. Azifunga moja moja juu ya mashine ya kupimia, avuta mkono wa pampu, macho yakiwa katika saa ya presha na masikio yakiwa kwa sindano, maana nozeli nzima hulia kwa mtetemo inapofunguka. Hathubutu kuweka kiganja mbele yake, kwa kuwa mafuta hayo hupenya ngozi. Mbili zatoa ukungu, mbili zatema mate. Amwambia dereva, "Mwanangu, hizi mbili zimekwisha. Kuziosha hakutazifufua." Dereva afahamu vema, naye ajibu, "Osha tu, mzee, halafu niongezee dizeli kwenye pampu. Gari halina nguvu." Dereva huyo ana deni la kila siku liitwalo hesabu, ambalo tajiri wa gari hulipokea jioni, abiria wawe wengi wawe wachache. Fedha za nozeli mpya zitatoka wapi? Fundi azungusha skrubu. Gari lapata nguvu, na moshi mweusi.

Hapa hapana mwongo. Fundi amesema kweli, dereva amechagua akijua, ujira umelipwa. Lakini kituoni yuko mwanamke akaangaye mihogo, mtoto wake mgongoni, naye ataupokea moshi huo tangu alfajiri hata usiku. Mwaka 2012 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliuandika moshi wa dizeli katika orodha ya mambo yaliyothibitika kuwapa wanadamu ugonjwa huo. Mkaanga mihogo hakuulizwa neno.

Husemwa kwa kumtetea fundi kwamba akikataa, dereva atakwenda kwa jirani. Ni kweli, na kweli hiyo yaonyesha kuwa kukataa kwake hakutapunguza moshi. Haionyeshi kuwa mkono wake haumo. Utetezi wa pili una nguvu zaidi: mkaanga mihogo naye hupanda gari lilo hilo, na nauli yake ni ndogo kwa sababu gari halitunzwi. Mwenye kuudharau utetezi huu hajapata kuhesabu sarafu kituoni. Hata hivyo nafuu ya nauli hugawanywa kwa abiria wote, na masizi huwalundikia wale waketio kituoni kutwa. Tena mtoto wa mgongoni hana biashara yoyote katika hesabu hiyo.

Kwa kweli wasiokuwapo bandani ni wawili. Mmoja hupata faida, naye ni tajiri aliyepanga hesabu bila kutenga fungu la nozeli. Wa pili hupata moshi. Lawama kubwa yamwangukia huyo wa kwanza. Kwa fundi yafaa kutenganisha matendo mawili. Kuosha nozeli iliyochakaa ni kuuacha ubaya ulipo. Kuzungusha skrubu ni kuuongeza kwa mkono. La kwanza aweza kulikubali, maana hawezi kuwanunulia wenye magari vipuri. La pili hana ruhusa ya kulitenda, hata dereva akimridhia, kwa kuwa radhi iliyohitajiwa si ya dereva.

Si mafundi wa vibandani peke yao walioangukia hapo. Mwaka 2015 ilidhihirika Marekani kuwa Volkswagen ilitia katika magari yake ya dizeli programu ya kuipunguza hewa chafu wakati wa kupimwa tu. Kule uliongezwa uongo, ambao fundi wa Temeke hakuusema.

Uchakachuaji nao una funzo gumu zaidi. Wafanyabiashara walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, yaliyotozwa kodi ndogo. Dizeli ndiyo inayoilainisha sindano. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi kama dizeli, na chuma hukwaruzana na chuma. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili wadanganyifu wajulikane, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana ili faida ya hila ife. Dawa ilikuwa na akili. Lakini katika nyumba nyingi zisizo na umeme, za Mbagala na za vijijini, koroboi na jiko vilitumia mafuta hayo hayo, na wenye nyumba hizo hawakuwa wamechanganya kitu. Serikali iliyokuja kuzuia dhuluma ilimtwika mtu wa tatu gharama ya kuizuia, na hilo halikupata mjadala lililostahili.

Yule fundi, akisha kufunga nozeli na kuzungusha skrubu, hujaribu injini. Kabla ya kuiwasha humwomba dereva aligeuze gari, mkia uelekee barabarani, ili moshi usiingie bandani.