Nyoka wa Melita na Uzi wa Mtoto

Mashua za wavuvi wa Malta huitwa luzzu. Hupakwa rangi kali, njano, nyekundu, kijani na samawati, na kila upande wa omo huwekwa jicho moja. Inasemekana desturi hiyo imetoka kwa Wafoinike, mabaharia waliofika kisiwani humo karne nyingi kabla ya Kristo; wengine huliita jicho la Osiri, mungu wa Misri. Kazi yake ni kumlinda mvuvi na mabaya ya bahari. Mashua hiyo hiyo huenda ikabeba jina la mtakatifu, na mwenyewe ni Mkristo aliyebatizwa akiwa mchanga. Watu wa mwambao wetu hawatashangaa, maana majahazi ya Lamu nayo yana macho.

Je, mvuvi yule anamwamini Mungu nusu? Na kama mimi ndiye mchungaji wake, nimwambie alifute lile jicho?

Malta ndiyo Melita ya Biblia zetu. Katika Matendo 28 Paulo anafika huko akiwa mfungwa, mwili umelowa, merikebu imevunjika. Luka anawaita wenyeji kwa neno la Kiyunani walilopewa watu wasiojua lugha ya Wayunani, lakini jambo la kwanza analotuandikia juu yao ni ukarimu: waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Kisha nyoka akatoka kwenye kuni, akamng'ang'ania Paulo mkononi. Wakasema huyu bila shaka ni mwuaji, haki haikumwacha. Walipoona havimbi wala haanguki, wakageuka wakasema ni mungu. Wameisoma ishara moja mara mbili kwa muda mfupi, na mara zote mbili wamekosea.

Nimelihubiri fungu hili mara nyingi, na kila mara niliwacheka kidogo watu wa Melita. Sasa siwacheki. Nitasema sababu baadaye.

Wamalta wamemkumbuka Paulo kwa namna yao. Kila tarehe 10 Februari, mjini Valletta, sanamu yake hubebwa mabegani barabarani kuadhimisha kuvunjika kwa merikebu. Zamani waliamini kwamba tangu siku ile nyoka wa kisiwa walipoteza sumu. Meno ya papa wa kale, yaliyogeuka mawe na kuchimbwa katika miamba ya huko, yaliitwa ndimi za Paulo. Yaliuzwa hata Ulaya, watu wakayavaa yawakinge na sumu. Hapo Mlutheri ndani yangu husimama. Mtume aliyemkung'utia nyoka motoni bila kuvaa chochote amefanywa yeye mwenyewe kuwa hirizi!

Si kila desturi ina uzito huo. Makanisa mengi ya Malta yana minara miwili na saa mbili: moja inaonyesha saa ya kweli, nyingine imechorwa tu au inaonyesha saa ya uongo. Wenyeji husema ni kwa ajili ya kumchanganya Shetani asijue ibada inaanza saa ngapi. (Kwetu hahitaji kuchanganywa, akifika kwa wakati atakaa peke yake na mzee wa zamu.) Mtoto akitimiza mwaka mmoja hufanyiwa quċċija: anawekewa sakafuni vitu kama kitabu, rozari, yai na pesa, na kile atakachokishika kwanza kinasema atakuwa nani. Nani atakasirika? Jamaa wanacheka, bibi anapiga makofi, na mtoto aliyeshika rozari hapelekwi seminari kesho yake.

Katika Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577 baba zetu walikiri kwamba yapo mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala kuyakataza, ila wakaonya kwamba ungamo la imani likiwa hatarini hata mambo hayo hayabaki huru. Lakini wao walikuwa wakisema juu ya taratibu za kanisa, si juu ya jicho la mashua, na sitaki kulivuta jibu lao hadi bandarini.

Anayenisaidia zaidi ni Mfalme Hezekia. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa amri ya Bwana mwenyewe; asili yake haikuwa na doa. Hata hivyo katika 2 Wafalme 18 Hezekia anamvunja, kwa kuwa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Basi asili ya kitu haitoshi kukihukumu. Chenye asili takatifu chaweza kuwa sanamu, na jicho la Osiri laweza kuwa limebaki rangi tu, kumbukumbu ya babu aliyelipaka kabla ya baba. Linaloamua ni mahali moyo ulipoegemea upepo unapochafuka. Na hapo ndipo shida yangu inapoanza, maana Hezekia aliuona moshi wa uvumba. Mimi moyo siuoni.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja kijana aliniletea mtoto abatizwe. Mkononi mwa mtoto palikuwa na uzi mweusi. Sikuuliza. Mbele ya usharika mzima niliagiza ukatwe kwanza, nikasema maneno makali juu ya kutumikia mabwana wawili. Mzee wa kanisa akaleta mkasi. Mtoto alibatizwa, mama akatoka na hakurudi tena. Baadaye jirani yake aliniambia kwamba uzi ule ulifungwa na nyanya wa mtoto wiki aliyofariki, na mama alikuwa akiutunza kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha marehemu.

Huenda kulikuwa na hofu ya jicho baya ndani yake pia. Mambo haya huchanganyika, kama vile kwenye luzzu jicho na jina la mtakatifu hukaa kwenye ubao mmoja. Ila mimi niliona kitu mkononi mwa mtu, nikatoa hukumu kabla moto haujawaka vizuri.

Sijaacha kukataza hirizi. Mwaka huu nilimwomba baba mmoja afungue ya kwake, akaifungua. Lakini kwanza tuliketi nyumbani kwake, nikamwuliza, "Hii alikufunga nani?" Alizungumza karibu saa nzima, na chai ikapoa.