Neno Ngozini

Tatuu ya herufi za Kichina ni neno lililochorwa kwa mwandiko ambao, mara nyingi, mwenye ngozi hausomi na majirani zake hawausomi. Mitunguu, kwenye tambarare za Imenti ya Kusini huko Meru, ambako ndizi za umwagiliaji hupakiwa malorini, maandishi ya mjini yanasomeka: bango la duka, mstari wa Biblia kwenye kioo cha matatu, msemo kwenye madigadi ya bodaboda. Herufi ya Kichina peke yake hukaa kimya. Swali ni hili: neno kama hilo lina maana gani, na maana hiyo ni ya nani?

Mvuto wake haupaswi kudharauliwa. Katika mji mdogo ambako kila mtu anajulikana ni mtoto wa nani, kubeba neno moja lisilopitiwa na macho ya watu ni aina ya faragha. Ndani yake pia mna imani ya kale kwamba neno hufanya kazi hata lisiposomwa. Pwani, kombe huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, aya zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa, hata kama hajui Kiarabu. Hirizi nayo hushonwa ikafungwa, isisomwe na yeyote. Lakini kombe lina mwalimu anayekisoma anachokiandika, na anayekubali kuulizwa juu yake. Mchoraji tatuu anayenakili picha kutoka kwenye simu hana cha kuulizwa, kwa kuwa naye hajui. Tena kombe huoshwa, na kanga yenye jina lisilopendeza huvuliwa. Tatuu hubaki.

Wameru wa zamani waliijua alama ya mwili kwa njia tofauti kabisa. Masikio yalitogwa, na wasichana walichanjwa chale tumboni kabla ya tohara, ile ambayo Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, iliipiga marufuku mwaka 1956. Alama hizo zilisomwa na kila mtu aliyezaliwa katika jamii, ila msichana mwenyewe hakuwa na nafasi kubwa ya kuzikataa. Kijana wa leo amechagua alama yake kwa hiari, lakini hawezi kuisoma. Ni vigumu kusema ni nani kati ya hao wawili anayeumiliki mwili wake zaidi.

Hatari iko kwenye mwandiko wenyewe. Kichina hakina alfabeti, hivyo zile chati zinazolinganisha A, B na C na herufi za Kichina ni za uongo, na jina linaloandikwa kwa chati hizo halisomeki popote. Nukta moja huweza kugeuza maana: herufi 大 ni “kubwa”, na ikiongezwa nukta juu kulia, 犬, ni “mbwa”. Anayetafuta neno kwa kupitia Kiingereza huongeza mtego mwingine. Kiswahili hutenganisha huru na bure. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, na mtu anayetamani uhuru anaweza kuandikwa kuwa yeye ni wa bure. Mwaka 2019 mwanamuziki Ariana Grande alichorwa kiganjani herufi mbili za Kijapani, zenye asili ya Kichina, akikusudia “pete saba”. Zikisomwa pamoja, ni jina la jiko dogo la mkaa.

Mwenye tatuu anaweza kujibu kwamba kwake herufi ile ni nguvu, na hilo linatosha. Halitoshi. Mahakamani mtu huapishwa kwa lugha anayoielewa, kwa sababu kiapo kisichoeleweka hakimfungi aliyekitamka. Na wasomaji wako karibu siku hizi: Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, tangu 2005.

Wakristo wengi huikataa tatuu kwa Walawi 19:28, aya inayotaja alama za mwilini pamoja na kujichanja kwa ajili ya wafu. Waislamu hutegemea Hadithi inayomlaani mchoraji na mchorwaji. Hata hivyo, wanawake wengi wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, wanaoisoma Walawi hiyohiyo, wamechorwa msalaba kwenye paji la uso, na kila wanayekutana naye huuelewa. China nayo ina katazo lake: mafundisho ya Confucius huuona mwili kuwa amana kutoka kwa wazazi, isiyofaa kuharibiwa, na kwa karne nyingi wahalifu walichorwa usoni kama adhabu.

Yue Fei, jemadari wa enzi ya Song, alikuwa na herufi nne mgongoni za kuitumikia nchi kwa uaminifu wote. Aliposhtakiwa kwa uhaini, historia ya enzi hiyo inasema alirarua nguo akamwonyesha mgongo aliyemhoji. Yule mtu alizisoma, akaamini kwamba hana hatia. Kesi ikapewa mwingine, na Yue Fei akauawa mwaka 1142.