Aliyekipiga Marufuku Alikisoma?

Kila kitabu kilichopigwa marufuku kina msomaji mmoja tunayemsahau: yule aliyekipiga marufuku. Ama alikisoma, ama hakukisoma. Kama hakukisoma, amehukumu kwa kusikia. Kama alikisoma na akili yake ikabaki salama, basi atueleze kwa nini zetu zisibaki salama pia.

Kenya imeyaona yote mawili. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya *Matigari* kwa Kikuyu. Watu wakaanza kumzungumzia mhusika wake, mtu anayezunguka nchi akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Ngũgĩ alisimulia baadaye kwamba amri ilitoka mtu huyo akamatwe. Ilipobainika kuwa anaishi kitabuni tu, nakala zikakusanywa madukani mwaka 1987. Hiyo ndiyo hukumu ya kusikia.

Abdilatif Abdalla yeye alisomwa na kueleweka. Mwaka 1968 aliandika waraka uitwao *Kenya: Twendapi?* akiihoji serikali ya Jomo Kenyatta, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule. Mshairi hakuwa ameyakana mawazo yake. Kilichotokea ni kwamba mara hii watu waliachwa wasome, wakapima wenyewe. Hukumu mbaya hurekebishwa na wasomaji, na marufuku huwaondoa wasomaji kwanza.

Nawafikiria wasomaji wa Soweto West, hapa Kibera, Nairobi. Chumba ni futi 10 kwa 10. Kitabu kikuukuu, kilichonunuliwa kwa muuzaji aliyevitandaza vitabu vyake chini kando ya barabara, hupita mikono mingi kabla ya kurasa zake kuachana. Anayesoma kwa sauti husikiwa na jirani aliye upande wa pili wa bati. Kitabu hicho kikizuiwa, mwenye fedha ataagiza nakala kutoka nje ya nchi. Wa Soweto West hana njia nyingine. Kwa hiyo marufuku, hata ikiandikwa kwa watu wote, humwangukia maskini. Inamwambia kuwa wako watu wanaoaminiwa kufikiri, na yeye si mmoja wao.

Lakini Kibera inajua pia kuwa maneno huua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walifukuzana na kuchomeana nyumba, na reli inayokatiza mtaa wetu ikang'olewa. Aliyepoteza mtu wake siku zile ana haki ya kuniuliza: bado unataka kila neno liwe huru?

Namjibu kwa heshima. Maneno yaliyotuchoma yalikuwa uvumi na ujumbe wa simu wa chuki, uliotaka kutiiwa kabla ya kufikiriwa. Kitabu hungoja. Unaweza kukifunga, ukakirudia kesho, ukakibishia, ukampa mwenzako akakuonyesha ulipokosea kukielewa. Katiba ya 2010, katika ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kutafuta na kupokea habari na mawazo, na papo hapo inakataa uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Mpaka huo ni wa haki. Wazo linalomkera mkubwa au kumwaibisha mzee liko ndani ya mpaka.

Mzazi naye ana hofu yake. Mwaka 2023 Tanzania iliondoa vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, na wazazi wengi wa Kenya wangeunga mkono hatua kama hiyo. Kumchagulia mtoto mdogo kinachomfaa ni malezi. Ila malezi yana mwisho, na mwisho wake ni mtu mzima anayejua kuchagua. Serikali inayomchagulia mtu mzima imeamua kuwa hatakua kamwe.

Kupima maneno ni kazi inayojifunzwa kwa kuifanya, na hujifunzwa vizuri zaidi kwa maneno magumu. Jirani wa upande wa pili wa bati akiuliza, "Lakini hayo ni kweli?", ameuliza swali ambalo mwanzoni mwa 2008 lingeokoa nyumba nyingi. Hatutamzoesha kuliuliza kwa kumnyang'anya kitabu.