Nasaha kwa Wenye Nyumba za Kupangisha

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Enyi ndugu zangu Waislamu, nimeazimia katika karatasi hizi chache kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu hulidhania kuwa ni la dunia tupu, halina haja ya mwanachuoni, nalo ni kupangisha nyumba. Simkusudii tajiri mwenye maghorofa, kwani yeye ana makarani na mawakili wa kumwandikia. Namkusudia yule mwenye nyumba moja ya Kiswahili hapa kwetu Mombasa, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uwani na choo kimoja. Yeye hukaa chumba kimoja na watoto wake, na vitano hupangisha, na kwa kodi hiyo hula, husomesha, na hulipa maji. Aghalabu ni mjane, au mzee aliyeacha kazi, au ndugu walioachiwa nyumba na baba yao. Watu hawa nawajua, nami ni mmoja wao.

Haipiti Ijumaa ila hunijia mtu baada ya sala kumshitaki mpangaji wake: huyu hakulipa miezi mitatu, huyu amevunja dirisha, huyu ameingiza jamaa kumi katika chumba cha watu wanne. Nami humwuliza jambo moja kabla ya yote: mlipatana muda gani? Hunitazama kama niliyeuliza jambo geni, akasema, "Shekhe, tulipatana kila mwezi elfu nne." Basi hapo ndipo penye maradhi.

Jueni ya kwamba ijara katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii (Mwenyezi Mungu amrehemu) ni namna ya kuuza. Mwenye nyumba hauzi kuta wala mabati, bali huuza manfaa, nayo ni kukaa ndani ya kuta hizo. Na kama vile haisihi kuuza nguo pasi na kujulikana ni dhiraa ngapi, vivyo hivyo haisihi kuuza kukaa pasi na kujulikana ni miezi mingapi. Kwa hivyo wanavyuoni wetu, na miongoni mwao Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, wamehukumu kuwa mtu akisema "nimekupangisha kila mwezi kwa kadha wa kadha" asitaje mwisho, ijara yake ni batili kwa kauli iliyo sahihi. Iko kauli ya pili kuwa mwezi wa kwanza pekee husihi. Na wenzetu Mahanafi wana wasaa zaidi katika mas-ala haya, wala siwalaumu wenye kuwafuata. Walakini sisi tunaosema tu Mashafii imetupasa tujue tunayoyafanya.

Na pindi ijara ikiwa batili, hukumu yake si kwamba mpangaji amekaa bure. La. Atalazimika kulipa ujira wa mithili, yaani kodi ya chumba kama kile katika mtaa kama ule, ikiwa ni zaidi ya walivyosema au ni pungufu. Tazama jinsi mlango wa ugomvi unavyofunguka! Mwenye nyumba atasema elfu sita, mpangaji atasema elfu tatu, na kila mmoja atapata jirani wa kumshuhudia.

Na dawa yake ni nyepesi mno. Mwambie: "Nimekupangisha chumba hiki muda wa miezi 12 kuanzia leo, kwa shilingi 48,000, utazilipa 4,000 kila mwanzo wa mwezi," naye aseme, "Nimekubali." Fedha ni zile zile na tarehe ni zile zile, bali ile ya kwanza ni batili na hii ni sahihi. Na ukichelea kufungwa mwaka mzima na mtu usiyemjua, taja miezi mitatu. Hapana aliyekulazimisha mwaka. Someni katika Surat al-Qasas habari za yule mzee wa Madyana alipomwajiri Nabii Musa (a.s.): alitaja miaka minane, na akaeleza kuwa kumi itakuwa kwa hisani ya Musa mwenyewe. Muda ulijulikana, na ujira ulijulikana, nao walikuwa watu wawili walioaminiana hata wakaozana.

Kisha andikeni. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Baqara, aya ya 282, kuliandika deni lenye muda na kulishuhudizia, na kodi ya kila mwanzo wa mwezi ni deni lenye muda. Daftari la mtoto wa skuli latosha: jina, chumba, muda, kodi, saini mbili na mashahidi wawili, na kila fedha inapotolewa, risiti. Msidhani kuwa Kadhi atawaokoa baadaye. Katika Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kesi ya kodi huenda kwa hakimu wa serikali, naye huyo kwanza hutaka karatasi.

Ama matengenezo, hayo ni juu ya mwenye nyumba. Bati likivuja au mlango ukioza, akiharakisha kutengeneza, ijara yaendelea. Asipotengeneza, mpangaji ana hiyari ya kuivunja. Vitabu vyetu vimetaja hata theluji, nasi watu wa pwani hatujapata kuiona ila katika picha: wamesema iliyo juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, na ile ya uwani pamoja na taka ni kazi ya mpangaji. Yachukueni hayo kwa mvua za masika. Na choo, sharti akabidhi kikiwa kitupu, si kimejaa kwa watu waliotangulia.

Wako wenye kusema, "Kaa bure, bora unitengenezee nyumba." Hii haisihi, kwani matengenezo hayajulikani kadiri yake, na ujira usiojulikana si ujira. Njia iliyo sawa ni kutaja kodi kwa hesabu, kisha kumpa mpangaji ruhusa atumie katika kodi hiyo kwa kutengeneza, aandike alichotumia. Nimeona watu wawili wema waliosali safu moja miaka ishirini wakiachana mkono kwa ajili ya mifuko ya saruji ambayo hapana aliyeihesabu.

Na mpangaji mkononi mwake nyumba ni amana. Kikiharibika kitu kwa matumizi ya kawaida, hatozwi. Hutozwa alichoharibu kwa kupindukia au kwa uzembe. Basi ile fedha ya amana mnayoishika siku ya kwanza ni mali yake, haiwi halali kwenu kwa sababu rangi ya ukuta imechujuka. Wala msiingie chumbani mwake kwa hoja ya kuwa ufunguo wa pili mnao. Surat an-Nur, aya ya 27, imekataza kuingia nyumba za wengine mpaka kwa idhini na salamu, na chumba kile, madamu muda haujesha, manfaa yake ni yake. Na wala msipokee fedha ya mtu mpya kwa chumba ambacho wa zamani yu ndani yake bado, mkasema "utaingia mwezi ujao". Kupangisha nyumba kwa muda usioingia haifai kwetu, illa kwa yule yule aliyemo kwa kuongeza muda wake.

Mtasema, "Shekhe, umetufunga mikono. Na mpangaji asiyelipa?" Nasema, mwenye uwezo akachelewesha ni dhalimu, kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, mdaini, mshitakini, na muda wake ukisha msimwongezee. Na mwenye dhiki ya kweli, aya ya 280 ya al-Baqara imemwekea muhula mpaka apate wasaa. Walakini kuezua mabati juu ya watoto wake, au kung'oa mlango usiku, au kutia kufuli na vyombo vyake vi ndani, hayo hayamo katika kitabu chochote nilichosoma. Na ajabu yenu, ninyi wenye nyumba ambao ardhi si yenu! Katika mji huu wengi wamejenga juu ya viwanja vya watu wengine, na mwenye kiwanja akipandisha malipo hulia msikitini. Arudipo nyumbani hupandisha kodi katikati ya muda.

Zaka nitaitaja kwa ufupi. Nyumba yenyewe haina zaka, bali kodi ikifika nisabu nayo ikapitiwa na mwaka mkononi mwako, itoe. Na uliyepokea kodi ya miaka miwili mbele, kwa kauli yenye nguvu hulazimiki kutoa mwisho wa mwaka wa kwanza illa kwa sehemu iliyokwisha kuthubutu kuwa yako.

Yamebaki mauti. Ijara katika madhehebu yetu haivunjiki kwa kufa mwenye nyumba wala kwa kufa mpangaji. Warithi husimama mahali pa maiti mpaka muda uishe. Wala haivunjiki kwa kuuzwa nyumba, mnunuzi hungoja. Mas-ala haya nimeyasomesha miaka mingi, nami ndiye niliyeyahalifu.

Baba yangu alifariki mwaka 2011, akatuachia nyumba, sisi wanaume watatu na dada zetu wawili. Katika chumba cha mbele alikuwamo fundi cherehani na mkewe na watoto, naye alikuwa amepatana na marehemu miezi sita na kuilipa yote, shilingi 3,000 kwa mwezi. Miezi minne ilikuwa imesalia. Ndugu zangu wakasema, "Uliyepatana naye amekufa, na fedha alikula yeye," wakamtaka ahame. Mimi nilikuwapo, hukumu ninaijua, nikanyamaza, kwa kuwa chumba kile nalikitaka kiwe cha darasa. Akahama.

Mwaka wa pili yake tukafika mlango wa ijara, na mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Maalim, na kama mpangaji amekwisha kulipa, warithi wakamtoa?" Nikamjibu yaliyomo kitabuni, sauti ikanikauka. Nilimtafuta fundi yule nikamkuta Likoni. Deni lilikuwa shilingi 12,000: kila mwanamume 3,000 na kila mwanamke 1,500. Dada zangu walitoa siku ile ile. Fundi alizihesabu, akaniambia kuwa amesamehe, ila mwanawe wa kwanza aliacha skuli mwaka ule, kwa kuwa ada ndiyo iliyolipia chumba kipya.

Kijana yule sasa hushona pamoja na babake. Na fungu la ndugu yangu mmoja, lile la 3,000, nalilipa mimi. Yeye mpaka leo husema kuwa fedha alikula marehemu.

Wallahu aalam. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.