Je, Kukubali ni Kukata Tamaa?



Mgonjwa wa kiharusi anaporudishwa nyumbani hapa Igamba, sisi majirani humjaza maneno. "Jipe moyo, kabla ya Pasaka utakuwa shambani." Twasema kwa upendo. Lakini Pasaka ikipita na mkono ungali umelala mapajani, mwenzetu hubaki na mizigo miwili: mkono usioitika, na aibu ya kuonekana hana imani.

Madaktari watuambia kwamba kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa. Uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba huwapata Watanzania wengi, na Dar es Salaam kwa kiwango kinachopita nchi nyingi tajiri. Tena, karibu mmoja kati ya watatu wanaonusurika huingia katika huzuni nzito.

Kwa ajili ya huzuni hiyo, wauguzi wa ng'ambo wamejaribu zoezi la utulivu. Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani. Alilitoa katika mafundisho ya Kibudha akaacha ibada zake. Mgonjwa huketi au hulala, huangalia pumzi yake, kisha kiungo kimoja kimoja, hata kile kisichoitika. Wazo la jana likija, hulitambua bila kupigana nalo, akarudi kwenye pumzi. Watafiti wameona kwamba laweza kupunguza hofu na huzuni. Halifufui mkono, wala halishiki nafasi ya vidonge na mazoezi ya viungo.

Wengine watauliza: je, si dini nyingine hiyo? Pumzi tumepewa na Mungu. Kuiangalia si kuiabudu. Swali zito ni hili: kumwambia mgonjwa aikubali hali yake, je, si kumwambia akate tamaa?

Hasha. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kuanza na lile mtoto alijualo, ndipo tumpeleke kwenye asilolijua. Kukubali kwamba hajui herufi si kusema hatazijua; ni kujua pa kuanzia. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kiharusi. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia jambo dogo: kufungua kiganja, kushika kikombe. Anayeulilia mkono wa mwaka jana hana nafasi ya kuufundisha mkono wa leo. Kukata tamaa husema, "Itakuwa hivi daima." Kukubali husema, "Leo ni hivi," kisha huuliza kazi ya leo ni ipi.

Nasi wenye afya twahitaji zoezi hilo hilo. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku saba kimya. Walimkosea walipofungua vinywa kumtafutia dhambi. Basi tukimtembelea mgonjwa, tusimtafutie mchawi wala tusimwahidi siku ya kupona. Kumwombea apone ni wajibu wetu. Kumpangia Mungu tarehe si kazi yetu. Tuketi. Tumngoje amalize neno lake, hata likichelewa. Na kikombe akiweza kukiinua mwenyewe, tusimnyang'anye.